Mpangaji

Chumba changu kina futi 10 kwa 10. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kimekula karibu robo yake. Kinachobaki kinagawanywa na meza, jiko la gesi, ndoo mbili, begi la nguo na feni inayolia kama ina kifua. Juu ya kitanda, mpangaji aliyenitangulia aliacha rafu ya ubao yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 20. Mwenye nyumba aliniomba nisiing'oe, maana anaamini misumari yake ndiyo inayoshikilia plasta. Kwa miezi minne sasa, jioni ambazo ningepaswa kuandika tasnifu yangu ya uzamili, nimekuwa nikijaribu kupanga stesheni ya treni juu ya ubao huo.

Stesheni ndogo, ya kadibodi. Wenzangu waliponikuta na mkasi na gundi waliuliza kama nimepata mtoto bila kuwaambia. Uingereza, Ujerumani na Marekani wapo watu wazima, wastaafu na wahandisi, wanaojenga reli za mfano ndani ya vyumba vyao, na wana majarida na vyama vyao. Niliwafahamu kwa bahati, nikitafuta michoro ya yadi za reli kwa ajili ya darasa. Nilidhani nitacheka. Badala yake nilisoma mpaka saa nane usiku, kwa sababu niliona watu wanaohangaika na kitu kilekile ninachosomea. Mimi nasoma mipango miji. Wao wana ubao, mimi nina kata na mitaa, na sote tatizo letu ni moja: nafasi haitoshi, kwa hiyo kuna kitakachoachwa.

Stesheni niliyotaka kuijenga ipo. Ni kituo kidogo cha Reli ya Kati, kati ya Dodoma na Tabora. Jina lake nitaliacha, maana waliobaki pale ni wachache na wanafahamiana. Babu mzaa baba alikuwa pointimani pale. Kazi yake ilikuwa kuzitunza na kuzigeuza pointi, yaani zile sehemu ambapo njia moja ya reli inagawanyika kuwa mbili, ili treni iende inakotakiwa. Aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na shirika lilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na kazi ileile, kwa taa ileile, chini ya jina jipya. Alifariki miaka miwili iliyopita. Matanga yalipokwisha nilirudi Dar es Salaam na kofia yake na hamu ya kufanya kitu ambacho sikujua ni nini. Miezi ikapita, na jioni moja nimelala ndipo nikaiona ile rafu.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyonifikisha kwenye swali. Nilichagua skeli ya 1:120. Reli za mfano zinazopatikana kwa urahisi zina upana wa milimita 9 kati ya chuma na chuma, na milimita 9 mara 120 ni milimita 1,080. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ni ya geji ya mita moja, yaani milimita 1,000. Hapo tayari nimedanganya kwa sentimita 8, na sijaweka hata taruma moja.

Kwa skeli hiyo, ubao wangu ni sawa na kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 144 na upana wa mita 24. Behewa moja la abiria, tuseme la mita 18, linakuwa na sentimita 15. Treni niliyoipanda utotoni nikienda likizo kwa babu ilikuwa na mabehewa kama 15. Ukiongeza kichwa cha sentimita 13 unapata treni ya sentimita 238, karibu mara mbili ya stesheni yangu yote. Usiniulize kuhusu kona. Kona kali kabisa ambayo vitreni hivi huweza kuipita inataka nafasi ya karibu nusu mita kuzunguka, na mimi nina sentimita 20. Kwa hiyo treni yangu haitazunguka. Itakwenda na kurudi, kama mimi na daladala ya chuo.

Wajenzi wa reli ndogo wana kanuni kuhusu hili: usijaribu kupunguza kila kitu kwa kiasi kilekile. Chagua kinachoifanya stesheni iwe stesheni, kiache kikae vizuri, kingine kitupe. Stesheni yenye njia sita ipewe tatu. Jengo lenye madirisha kumi lipewe sita. Anayelifahamu bado atalitambua, na huenda asigundue kilichopungua. Niliposoma hivyo nilikumbuka mwaka wa kwanza wa shahada, mhadhiri alipotufundisha kwamba ramani nzuri hupimwa kwa kile ilichothubutu kukiacha. Nilikiandika kwenye daftari nikakipigia mstari. Nilikuwa na miaka 20, na kuthubutu kulinipendeza.

Je, kuacha ni kudanganya? Onora O'Neill, mwanafalsafa wa maadili wa Uingereza, ana tofauti moja iliyonisaidia kwa wiki kadhaa. Anasema kuna kuchuja, na kuna kupamba (maneno ya Kiswahili ni yangu). Kuchuja ni kuzungumzia kitu huku ukiacha baadhi ya sifa zake bila kuzikana. Nikisema babu alikuwa pointimani, sijakana kwamba alikuwa pia mkali na mpenda ugoro. Kupamba ni kudai sifa ambazo kitu hakina, kama nikisema babu hakuwahi kukosea. Kuchuja hakuepukiki, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kusema kila kitu. Kupamba ndiko kunakotuingiza kwenye matatizo, hasa tukianza kuwahukumu watu halisi kwa kipimo cha hao waliopambwa.

Nililishika hilo kama fimbo. Nikaona sentimita 8 za geji ni kuchuja tu, kwani sikudai kwamba reli yetu ni pana. Madirisha sita ni kuchuja, njia tatu ni kuchuja, na dhamiri yangu ni safi. Nikaendelea kupanga.

Mpango wenyewe niliuazima. Mwingereza aitwaye Alan Wright alibuni stesheni ndogo ya mizigo inayoitwa Inglenook Sidings, akichukua wazo kutoka kwenye yadi ya Kilham huko Northumberland. Ni kitu rahisi kiasi cha kutia wivu. Kuna njia tatu na pointi mbili. Njia ndefu inachukua mabehewa matano, zile mbili fupi zinachukua matatu kila moja. Nje ya pointi unabaki mkia wa njia unaotosha kichwa na mabehewa matatu, si zaidi. Una mabehewa manane ya mizigo. Unapiga kura, unapata matano kwa mpangilio fulani, kisha unatakiwa uyatoe yalipo na kuyaunga kwa mpangilio huohuo kwenye njia ndefu, kwa kuvuta, kusukuma na kugeuza pointi. Mipangilio inayowezekana ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, yaani 6,720. Ukicheza mmoja kila usiku utamaliza baada ya miaka 18 na ushee. Na yote hayo kwenye ubao unaoweza kukaa juu ya kitanda! Yeyote anayesema chumba kidogo hakina mambo hajakutana na Bwana Wright.

Zaidi ya hapo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya babu. Mabehewa ya mizigo, pointi, mikono, kusubiri. Nikakata vipande vya karatasi vya ukubwa kamili, kila pointi sentimita 12, mabehewa nikayabana kidogo mpaka sentimita 10. Njia ndefu 50, pointi mbili 24, mkia wa kichwa na mabehewa matatu 43. Jumla 117. Zikabaki sentimita 3, nikaweka tangi la maji. Kwenye upana, njia tatu zilikula sentimita 14, na sita zilizobaki nikazipa jengo la stesheni. Kila kitu kilikaa. Nilikaa kitandani nikitazama karatasi zile kama mtu aliyejenga ghorofa.

Nikapiga picha, nikamtumia shangazi kwa WhatsApp ili amwonyeshe bibi. Bibi anaishi kwake sasa, Dodoma mjini. Jumapili nikapiga simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Nimeona reli yako."

"Umeionaje?"

Akanyamaza kidogo. Bibi haoni vizuri, na nadhani shangazi alikuwa akimwelezea pembeni. Kisha akauliza, "Hii treni imesimama?"

"Ndiyo, imesimama stesheni."

"Sasa inasimama ya nini, mume wangu, kama hakuna watu?"

Nikamweleza kwamba ni treni ya mizigo, kwamba nafasi ni ndogo, kwamba ni mchoro wa kazi ya babu. Akasema, "Ahaa." Akaniuliza kama nakula vizuri. Tukaagana.

Lazima nieleze bibi alikuwa nani pale. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuza chakula kwenye treni. Mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, na mwezi ukiwa mzuri, kuku. Treni ya abiria ilipita nyakati za ajabu, mara saa tisa usiku, mara alfajiri ikichelewa. Akina mama walikuwa wakilala na nguo za kazi, wakisikia honi wanawasha koroboi na kukimbia. Treni ilisimama dakika chache. Sinia kichwani, mkono unapandisha mayai dirishani, mkono mwingine unashusha hela. Treni ikianza kuondoka kabla hajalipwa, alikimbia nayo. Ada ya shule ya baba yangu ilitoka madirishani. Mshahara wa babu ulijenga nyumba, hilo hata bibi hukubali, lakini mshahara ulipochelewa, na kuna miaka ulichelewa sana, nyumba ile iliishi kwa mayai.

Mimi nilijua haya yote. Hakuna aliyenificha. Nilikula yale mayai. Na bado nilipokaa kuichora stesheni, nilichora pointi.

Usiku ule nilirudi kwa O'Neill na fimbo yangu ikanivunjikia mkononi. Nilikuwa nimejiambia kwamba nimechuja tu. Ukisema "babu alikuwa pointimani" na ukanyamaza kuhusu bibi, kweli hujamkana. Maneno yanaweza kunyamaza. Ubao hauwezi. Pale ambapo sikuweka kitu sikuacha fumbo, niliweka mchanga uliofagiliwa. Mtu akiutazama hataona kwamba habari za wauzaji hazikutajwa, ataona stesheni isiyo na wauzaji. Katika kitu kinachojidai kuwa mahali, kila kilichoachwa kinageuka kuwa dai kwamba hakikuwepo. Nilidhani nachuja, kumbe napamba.

Nisingelikazania jambo hili kama lingekuwa la kadibodi tu. Nilipokuwa kidato cha tatu, nyumba ya babu ilivunjwa. Ilikuwa ndani ya hifadhi ya reli. Walikuja maofisa wawili na kijana mwenye kopo la rangi, watu wapole, wakapokea maji ya kunywa. Walikuwa na ramani. Walipima kwa futi ya utepe, mita 30 kutoka kwenye reli, na utepe ukaishia nyuma ya jiko la bibi. Kijana akachora X nyekundu ukutani. Akaandika na tarehe.

Kwenye ile ramani nyumba haikuwepo. Palikuwa na reli, jengo la stesheni, tangi, nyumba mbili za watumishi zilizojengwa zamani, na kingine chote cheupe. Nakumbuka babu aliishika kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa reli. Maisha yake yote alifundishwa kwamba mchoro wa njia hauna mjadala, ukiubishia watu watakufa. Akairudisha na kusema, "Ramani ni sahihi." Baba alikasirika na hasira hiyo hajaimaliza mpaka leo. Alitaka babu apinge. Babu alihamia kwa shangazi akiwa na masanduku matatu, na kila mara habari ile ilipoibuka, jibu lake lilikuwa lilelile. Alijenga mahali asipopaswa, na ramani ilikuwa sahihi.

Sisemi hifadhi ya reli haina maana. Treni huacha njia. Maji hula matuta, na kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimekatwa na mafuriko mara nyingi kiasi kwamba watu wa huko wanalijua vizuri zoezi la kushuka na kusubiri. Mwaka 2002, pale Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na ya mizigo, na zaidi ya watu 200 wakafa. Anayeomba nafasi ipatikane pembeni mwa reli ana sababu. Mimi mwenyewe, kesho nikiajiriwa, ndiye nitakayeshika utepe. Ndiyo maana swali linaniuma. Lingekuwa jepesi kama wale maofisa wangekuwa waongo.

Kuna msemo ambao kila mwanafunzi wa mipango nchini mwetu hukutana nao kabla hajanunua rula: kupanga ni kuchagua. Ni wa Mwalimu Nyerere, wa mwaka 1969, wakati wa kuzinduliwa kwa Mpango wa Pili wa Maendeleo. Alikuwa anawaambia watu ukweli mchungu, kwamba nchi maskini haiwezi kufanya yote kwa pamoja, na anayeahidi yote anadanganya. Ninauheshimu msemo huo. Ila Kiswahili chetu kina utani wake. Kupanga ni kuweka mipango, na kupanga ni kulipa kodi kwenye nyumba ya mtu. Mpangaji anaweza kuwa yule mwenye rula au yule mwenye godoro. Mimi ni wote wawili, tena chumba changu, kwa lugha ya ramani za idara yetu, kimo katika makazi yasiyopangwa. Nimepanga katika makazi yasiyopangwa. Niliwahi kumwambia msimamizi wangu sentensi hiyo, akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaniuliza sura ya pili iko wapi.

Kupanga ni kuchagua, sawa. Anayechagua anawiwa nini na kile asichokichagua?

Jibu langu la kwanza lilikuwa uwazi. Niliwaza kwamba kuacha ni halali ikiwa unaweza kumkabili uliyemwacha ukamwambia, nimekuacha, na sababu ni hii. Jibu zuri, na linavutia kwenye semina. Halafu nikakumbuka ile X. Ni tangazo gani lililo wazi kuliko X nyekundu ukutani mwako, yenye tarehe? Tuliambiwa. Tuliambiwa kwa adabu, maji yakanywewa. Uwazi haukutupungukia.

Kilichopungua, nadhani, ni gharama. Mchoro ule haukumgharimu kitu aliyeuchora. Pale penye weupe hakulazimika kutoa chochote alichokipenda ili nyumba iwepo au isiwepo, kwa sababu hakuwahi kuiweka kwenye mizani. Hakumpima bibi na usalama wa reli kisha akaamua usalama ni mzito zaidi. Angefanya hivyo ningemwelewa, na pengine ningekubaliana naye. Hakupima. Kwenye karatasi yake hapakuwa na kitu cha kupima. Kuchagua kati ya kitu na weupe si kuchagua. Kwa hiyo simlaumu kwa kuiacha nyumba nje. Namlaumu kwa kuwa haikuwahi kuwa ndani hata dakika moja ili itolewe.

Nikijipima kwa kipimo hicho, nami nimo. Nilipokata karatasi zangu nilibishana na nafsi kuhusu kila milimita. Nilibana mabehewa kutoka sentimita 11 hadi 10 na roho ikaniuma. Nilikosa usingizi kwa ajili ya pointi. Bibi sikumbana wala sikumkatalia, kwa sababu hakuwahi kuingia kwenye hesabu.

Wapo waliowahi kufanya kinyume. Pale Pendon, Oxfordshire, kuna jumba la makumbusho lililoanzishwa na Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925 akizipenda treni. Alizunguka vijijini katika bonde la White Horse akaona nyumba za kale za nyasi zikibomolewa au kukarabatiwa hovyo, akaamua kwamba zitabaki hata kama ni kwa skeli ya 1:76. Yeye na wenzake walizipima nyumba moja moja, na nyumba moja ya mfano huweza kumchukua mtu mamia ya saa. Alikuja kwa ajili ya treni akaishia kuhesabu maua ya bustani. Nampenda mtu huyu bila kumjua. Hata hivyo nikitazama picha za bonde lake najiuliza kuhusu baridi na unyevu, na mishahara ya vibarua wa mashambani wa miaka ile ya 1930. Kwenye ubao jua halizami na paa la nyasi halivuji. Upendo nao hupamba. Nimeona niliseme hili mapema, maana sasa nakwenda kumweka bibi yangu kwenye ubao, na najua nitatamani kumvika khanga mpya.

Nilianza upya. Mchezo wa Bwana Wright una toleo dogo: njia ndefu ya mabehewa matatu, fupi mbili za mabehewa mawili mawili, mabehewa matano kwa jumla, treni ya matatu. Mipangilio ni 5 mara 4 mara 3. Kutoka 6,720 unashuka hadi 60. Nitaimaliza yote kwa miezi miwili, na mtu makini ataichoka kwa wiki mbili. Kwa mjenzi wa reli ndogo hiyo ni hasara ya kweli, nisijifanye haikuniuma. Lakini hesabu mpya ni 30, na 24, na 33 za mkia: jumla 87. Zinabaki sentimita 33, ambapo zile njia fupi zimekwisha na njia ndefu inaendelea peke yake, na pembeni yake kuna ardhi tupu yenye upana wa sentimita 15. Mita 18 halisi. Panatosha kwa mwarobaini, na kwa akina mama.

Najua inavyosikika. Nimetoa mipangilio ya mchezo wa kadibodi, nikampa mtu kivuli cha kadibodi chenye urefu wa milimita 13, ambao ndio urefu wa bibi kwa skeli yangu. Hakuna nyumba iliyorudi. Baba nilipomweleza alisema tu, "Kwa hiyo?" na sikuwa na jibu la maana. Tena nyumba yenyewe haiwezekani kabisa. Ilikuwa karibu mita 30 kutoka kwenye reli, yaani sentimita 25, na ubao una 20. Ningeijenga ingening'inia hewani, juu ya mto wangu. Nimewaza kuitundika pale kwa uzi. Mwenye nyumba ataniuliza.

Jumapili iliyofuata nilimpigia bibi tena. Safari hii sikutuma picha. Nilimwambia nina sentimita 33, nikamweleza ni kama urefu wa mkono wake kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na vidole, na kwamba zinatosha mabehewa mawili ya abiria. Treni nzima haiingii. Itabidi mengine tuseme yameshapita nje ya ubao. Nikamwambia nimechagua behewa la daraja la kwanza na lile la chakula, kwa sababu yana madirisha mazuri, na yeye nimemsimamisha mbele yake, chini ya mwarobaini, na sinia.

"Mimi?" akasema. "Daraja la kwanza?"

"Ndiyo bibi."

"Mume wangu, wale hawanunui. Wale wana behewa lao la chakula, na dirisha wanafunga kwa ajili ya vumbi. Mimi sikai pale hata siku moja." Nikamsikia akimwambia shangazi jambo na wote wakacheka. "Weka la tatu. Yote mawili weka la tatu. Na huo mti usiuweke karibu hivyo, kule kwenye mti alikuwa anakaa mama wa maandazi, tusije tukagombana."

Nikachukua penseli. Nikafuta mwarobaini, nikauchora sentimita 4 kushoto.

"Sasa mimi niko wapi?" akauliza.

"Uko wapi bibi? Niambie wewe."

Akaanza kuhesabu madirisha.